Kubana si Kusukuma: Tiba ya Misuli ya Sakafu ya Nyonga kwa Wanawake

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wakunga, wauguzi na kina mama wanaohudhuria kliniki ya fiziotherapia. Imeandikwa upya kwa ajili ya kusomwa, pamoja na maswali mawili yaliyoulizwa ukumbini.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wakunga na wauguzi wenzetu, mama zetu na dada zetu mliokaa hapa tangu asubuhi: shikamooni kwa wakubwa, na kwa wengine habari za mchana.

Tunazungumza mambo ya chini ya kitovu, kwa hiyo tukubaliane mapema kwamba viungo vitatajwa kwa majina yake. Mkojo tutauita mkojo, uke tutauita uke, na ushuzi, mniwie radhi wazee, tutauita ushuzi. Tukianza kufumba maneno, mgonjwa ataondoka na nusu ya maelezo, na katika tiba hii nusu ya maelezo inaweza kumwongezea tatizo alilokuja nalo.

Tunawazungumzia wanawake gani? Yule anayepiga chafya mkojo ukamtoka. Yule anayetia ufunguo mlangoni na kabla hajafika chooni ameshalowa. Yule anayehisi kitu kizito kinashuka ukeni ikifika jioni, baada ya kusimama kutwa nzima. Yule ambaye tangu alipochanika akijifungua hawezi kuzuia ushuzi, na wakati mwingine hata choo. Na yule anayeumia wakati wa tendo la ndoa ingawa hamu anayo. Malalamiko ni tofauti, lakini yote yanarudi kwenye kundi moja la misuli. Wengi wao waliambiwa "ndiyo uzazi huo" au "umri tu, mama", wakarudi nyumbani wakaanza kutembea na khanga ya akiba mkobani. Kwamba kuvuja mkojo kunawapata wanawake wengi, hatubishi. Tunachokataa ni kuambiwa kwamba dawa yake ni kuvumilia.

Kwa wengi wao tiba ya kwanza ni mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga, yaliyoelekezwa, yakakaguliwa, na yakafuatiliwa kwa muda usiopungua miezi 3. Hapo kwenye "yakakaguliwa" ndipo kazi inapoharibika, na ndipo tutakapokaa zaidi leo.

Tuanze na mwili wenyewe. Chukueni kitanda cha kamba. Fremu ni mifupa ya nyonga: mbele mfupa wa kinena, nyuma kifandugu, na pembeni ile mifupa miwili ya makalio unayoikalia. Kamba zilizowambwa katikati ni misuli. Juu yake vimelala kibofu, kizazi na utumbo mpana, na katikati zimepita njia tatu: ya mkojo, uke, na ya haja kubwa. Misuli hii inabeba, inafunga, na inaachia. Watu husahau hiyo kazi ya tatu. Msuli usioweza kuachia ni mgonjwa sawa na msuli usioweza kukaza.

Ujauzito unaiwekea mzigo kwa miezi kadhaa, na kujifungua kunaivuta mno. Mtoto anapopita, sehemu ya ndani kabisa ya misuli hii hurefuka zaidi ya mara 3 ya urefu wake wa kawaida. Kwa wengi hurudi. Kwa wengine nyuzi hukatika au huachia pale zinaposhika mfupa wa kinena, hasa uchungu wa kusukuma ukiwa mrefu au mtoto akivutwa kwa koleo. Mishipa ya fahamu inayoiamuru misuli hiyo nayo inaweza kubanwa au kuvutika. Baada ya uzazi kuna mambo mengine yanayoichosha polepole: choo kigumu cha kila siku, kikohozi cha muda mrefu (moshi wa kuni, pumu, kifua kikuu), unene, mizigo ya kichwani na mgongoni, na kupungua kwa homoni baada ya kukoma hedhi. Mama akikohoa usiku kucha kwa miezi, mtibuni kikohozi kwanza. Mazoezi peke yake hayatashindana na kikohozi cha namna hiyo.

Kabla ya kumwambia mtu abane chochote, tunauliza anavuja namna gani. Akivuja anapokohoa, anapocheka, anapoinua ndoo au anaporuka kwenye netiboli, tunafikiria udhaifu wa kufunga. Hamu ya mkojo ikija ghafla kwa nguvu, asiweze kuahirisha, kibofu chenyewe ndicho kinachojikaza kabla ya wakati. Wengi wana yote mawili. Kisha tunapima mkojo. UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, inaleta hamu ya ghafla. Sukari inaleta mkojo mwingi. Na huku kwetu Pwani, Zanzibar na Kanda ya Ziwa, msisahau kichocho: kinachoma kibofu, kinaleta damu kwenye mkojo, na dawa yake ni prazikwanteli. Mtu mwenye kichocho ukimpa mazoezi ya nyonga umempotezea muda.

Na kuna aina moja ambayo lazima itengwe siku hiyohiyo. Mama aliyekaa kwenye uchungu siku moja, mbili au zaidi, kisha baada ya kujifungua mkojo ukawa unatiririka usiku na mchana, amelala au amekaa, bila kukohoa wala kusikia hamu. Huyo tunamshuku fistula. Kichwa cha mtoto kimeibana nyama kati yake na mfupa kwa saa nyingi, damu haikupita, nyama ikafa, tundu likafunguka kati ya kibofu na uke. Hakuna zoezi linaloziba tundu. Akiwahi, tundu likiwa dogo na bichi, kumwekea mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa kunaweza kulifanya lijifunge lenyewe. Akichelewa anahitaji upasuaji. Hospitali zenye uzoefu mkubwa wa kazi hii zipo katika eneo letu: CCBRT Dar es Salaam, Panzi kule Bukavu, na ile ya Addis Ababa iliyoanzishwa na Reginald na Catherine Hamlin mwaka 1974. Sisi wa fiziotherapia tunaingia kabla na baada. Kabla, kwa sababu baadhi ya hao kina mama huja na unyayo ulioanguka: mshipa wa fahamu uliobanwa nyongani umeshindwa kuinua unyayo na kidole gumba cha mguu, na bila kifaa cha kushikilia mguu na kunyoosha kifundo kila siku, kifundo kinakakamaa. Baada, kwa sababu tundu likishazibwa vizuri, baadhi yao bado wanavuja wakikohoa. Wanadhani upasuaji umeharibika. Mara nyingi tundu limefunga, misuli ndiyo dhaifu, na hapo mazoezi yana nafasi, daktari akisharuhusu.

Sasa turudi kwa wengine.

Mazoezi haya wengi wanayaita ya Kegel, kwa jina la daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliyeandika juu yake mwaka 1948. Jina limesambaa, ila kitu kimoja alichofanya kimeachwa njiani. Kegel hakuwaambia wanawake "nendeni mkabane" akaishia hapo. Alitumia kifaa kinachowekwa ukeni chenye mshale wa kuonyesha mgandamizo, mwanamke aone mwenyewe kama msuli umefanya kazi. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani waliwapima wanawake 47 waliokwisha kuelekezwa kwa maneno mafupi tu. Karibu nusu walibana ipasavyo, na robo walifanya kitu ambacho kingeweza kuwaongezea kuvuja. Kitu hicho ni kusukuma. Badala ya kuinua sakafu juu, waliisukuma chini kama mtu anayejikamua chooni. Fikirieni mama mwenye kizazi kilichoanza kushuka akisukuma hivyo mara 30 kwa siku, miezi 3, kwa bidii zote, kisha aje kusema mazoezi hayasaidii. Kwa hilo hatumlaumu yeye. Aliyemwelekeza ndiye aliyemwacha njiani.

Ndiyo maana tunapima. Mama anaelezwa kwanza kila hatua, anaulizwa kama anakubali, na akisema hapana tunafanya kwa njia nyingine: kuangalia msamba kwa macho, au kuweka kiganja juu ya nguo. Akikubali, analala chali, magoti yamekunjwa, amefunikwa shuka. Glovu safi, jeli ya kutosha, kidole kimoja. Tunamwambia abane na kuvuta juu. Tunatoa alama kuanzia 0, ambapo hakuna kinachosikika, mpaka 5, ambapo kidole kinabanwa kwa nguvu na kuvutwa ndani. Kisha tunahesabu: anashikilia sekunde ngapi kabla msuli haujaachia wenyewe? Anarudia mara ngapi kabla hajachoka? Anaweza kubana haraka haraka mara ngapi? Na anaachia kabisa, au msuli unabaki nusu umekaza? Majibu hayo manne ndiyo dawa yake. Mwenye uwezo wa kushikilia sekunde 3 mara 4 anaanza na sekunde 3 mara 4. Ukimpa sekunde 10 kwa sababu kitabu kimesema 10, atatumia makalio.

Sasa fuateni, na walioko nyumbani wakisoma wafuate vilevile. Laleni chali, magoti juu, nyayo sakafuni. Pumueni kawaida. Bana njia ya haja kubwa kana kwamba ushuzi unataka kukutoka mbele ya wakwe. Bila kuachia, vuta mbano huo uje mbele mpaka kwenye njia ya mkojo, kisha uinue kwa ndani kuelekea kitovuni. Endelea kupumua. Halafu achia. Uachie kabisa, usikie msuli umeshuka mahali pake, upumzike kwa muda sawa na ule ulioshikilia au mara mbili yake.

Mkitaka kuhakiki nyumbani, nawa mikono, chukua kioo kidogo, kaa kwenye mwanga. Ukibana sawasawa, msamba, yaani ile nyama kati ya uke na njia ya haja kubwa, unaingia ndani na kupanda, na kisimi kinainama kidogo. Msamba ukitoka nje kukufuata kwenye kioo, unasukuma. Acha, pumzika, anza upya kwa nguvu ndogo zaidi. Makalio yakiruka, mapaja yakigongana, pumzi ikikatika, tumbo likivimba, basi misuli mingine imeingilia kazi. Nusu ya nguvu inayofanywa na msuli sahihi ni bora kuliko nguvu zote zinazofanywa na makalio.

Jambo moja la kuacha: kukata mkojo katikati kila unapokojoa ili kufanya mazoezi. Mara moja tu, ili kuutambua msuli, haina neno. Kuifanya zoezi la kila siku kunachanganya kibofu, na mkojo unaweza kubaki ndani.

Kuhusu kipimo, miongozo ya Uingereza inataka mibano isiyopungua 8, mara 3 kwa siku, kwa angalau miezi 3 chini ya usimamizi. Sisi tunalenga kumfikisha mama kwenye mibano 8 mpaka 12, kila mmoja akishikilia sekunde 6 mpaka 10, na mwisho mibano 10 ya haraka: bana, achia, bana, achia. Mibano mirefu inajenga nyuzi za kuvumilia, zile zinazobeba kutwa nzima. Ya haraka inajenga nyuzi za kushtukiza, zinazofunga pale chafya inapokuja. Anaanza amelala, akiimarika anakaa, kisha anasimama, kisha anafanya huku anainua kitu. Hatua hiyo ya mwisho wengi hawafiki, na ndiyo yenyewe, kwa sababu wenye udhaifu wa kufunga ni nadra kuvuja wamelala chali. Wanavuja wamesimama na ndoo mkononi. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Msuli uliozoezwa kitandani tu haujui kazi hiyo.

Kuna mbinu moja inayoleta matokeo mapema kuliko mengine yote, wakati mwingine ndani ya wiki moja. Bana kabla ya tukio. Kikohozi kikianza kupanda, bana na uinue, ndipo ukohoe, shikilia mpaka kimalizike. Vilevile chafya, kupenga kamasi, kumnyanyua mtoto, kuinuka kwenye kigoda. Unapoinua mzigo, toa pumzi wakati wa kuinua. Ukiizuia pumzi, mgandamizo wote wa tumbo unashuka chini. Inachukua mazoea mpaka iwe inakuja yenyewe. Fanyeni sasa hivi hapo mlipokaa: bana, kohoa, achia. Mmeona? Waliocheka kabla ya kubana wamejua wenyewe kilichowapata.

Kwa wenye mkojo wa ghafla njia ni nyingine. Hamu ikija, usikimbie. Kukimbia kunatikisa kibofu na kukupeleka chooni ukiwa na hofu. Simama, au ukalie kitu kigumu, bana haraka haraka mara 5 au 6, vuta pumzi, subiri. Hamu hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka. Ikishuka, tembea polepole. Sambamba na hilo tunapanga saa. Anayekwenda kila saa 1 anaanza hapo, na kila wiki anaongeza dakika 15, mpaka afike saa 3 hivi. Kibofu cha mtu mzima kinabeba kati ya mililita 300 na 500 bila taabu. Anayekojoa mililita 80 kila mara amekizoesha vibaya, mara nyingi kwa kwenda "tu, nisije nikashikwa njiani".

Na tafadhali, msikatae maji. Anayevuja huacha kunywa, mkojo unakuwa mkali, unachoma kibofu, hamu inaongezeka, na choo kinakuwa kigumu. Lita 1.5 mpaka 2 kwa siku zinawatosha wengi, na zaidi kidogo kwenye joto la Dar. Punguzeni chai ya rangi kali, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, na baada ya magharibi mnywe kidogo kidogo.

Kuhusu choo kikubwa nitasema kifupi. Choo cha kuchuchumaa kinanyoosha njia, ni neema. Wenye vyoo vya kukaa waweke kigoda cha sentimita 20 chini ya miguu, wainame mbele, viwiko juu ya magoti, mdomo wazi. Bila kujikamua. Maharage, mboga za majani, mapapai na maji vinafanya kazi iliyobaki.

Wakunga, sasa nazungumza nanyi kuhusu arobaini. Mapumziko ya arobaini ni mema. Katika wiki 6 za kwanza mzazi asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake, na bibi anayemzuia kuchota maji yuko sahihi kitaalamu. Mkaja una sharti. Ukifungwa kwa wastani, kushikilia tu tumbo na mgongo, hauna ubaya. Ukikazwa mpaka mzazi hawezi kuvuta pumzi ya tumbo, unakamua kila kilichoko ndani kuelekea chini, kwenye misuli iliyotoka kuchanika. Mpimeni hivi: aweze kuingiza vidole viwili chini ya mkaja. Kukandwa kwa maji ya moto tumeona kukiwaunguza watu, na kwa aliyejifungua kwa upasuaji kidonda kinafunguka. Kukalia maji ya moto kwa aliyeshonwa, hapana. Maji safi ya uvuguvugu ya kujisafishia yanatosha, kisha kukausha kwa kugusa bila kusugua.

Mazoezi yenyewe yaanze mapema. Mzazi akishakojoa mwenyewe vizuri, mpira wa mkojo ukiwa umetolewa, anaweza kuanza mibano mepesi, mitatu minne, hata kesho yake, mradi haiumizi. Inasaidia damu kuzunguka na uvimbe kupungua. Aliyechanika mpaka kwenye msuli wa njia ya haja kubwa huyo ana ratiba yake: dawa ya kulainisha choo, daktari aliyemshona aulizwe, na asiondoke wodini bila tarehe ya kuonwa na fiziotherapia. Akitoka bila tarehe hiyo tunakutana naye miaka baadaye, amejifungia ndani kwa aibu ya harufu. Kovu likishapona, baada ya wiki 6 hivi, tunamfundisha kulikanda: mikono misafi, mafuta kidogo, kidole gumba juu ya kovu, kulisogeza pande zote dakika 5, lisije likashikana na nyama ya chini. Kabla ya uzazi nako kuna kazi. Wajawazito wasiovuja wanaoanza mazoezi haya mapema wanapunguza uwezekano wa kuvuja miezi ya mwisho. Na kwa mimba ya kwanza, kuanzia wiki ya 34 au 35, kukanda msamba mara 1 au 2 kwa wiki kunapunguza kuchanika kwa kiwango cha kushonwa na haja ya kuongezewa njia.

Kizazi kikishuka, wengi huja wakisema "kinyama kimetoka". Kikiwa bado ndani au mlangoni tu, mazoezi yanapunguza uzito na usumbufu. Kikitoka nje chote, mazoezi hayatakirudisha. Kuna pesari, ule mpira wa silikoni unaopimwa na kuwekwa ukeni kukibeba, na kuna upasuaji. Pesari haijulikani sana kwetu, na ni hasara, maana kwa bibi mwenye presha asiyeweza kulazwa mezani inaweza kumrudisha sokoni wiki hiyohiyo.

Nimeacha kundi moja kwa makusudi, kwa sababu hawa mazoezi ya kubana yanawaumiza. Ni wale wenye maumivu: tendo la ndoa linachoma, kuingiza hata kidole haiwezekani, mkojo unaanza kwa shida, choo kinatoka chembamba. Misuli yao imekaza muda wote. Sababu ni nyingi: kovu, ukatili uliowapata, hofu ya usiku wa kwanza, ukeketaji. Aliyeshonwa kwa ukeketaji wa kufunga uke anahitaji kwanza kufunguliwa na daktari. Wengine tunawafundisha kuachia: kulala chali, mkono juu ya tumbo, pumzi ndefu inayoinua tumbo huku sakafu ya nyonga ikishuka nayo, dakika 5 asubuhi na jioni, kupiga magoti na kuinama kama mtu anayesujudu, magoti yametanuka, kisha, akiwa tayari mwenyewe, kidole chake mwenyewe chenye jeli, halafu vipanuzi vya ukubwa unaopanda polepole. Hakuna kulazimisha, na mume anaelezwa hivyo waziwazi, akiwepo mkewe.

Mashine za umeme zipo, na watu wanaziulizia. Zinamsaidia mwenye alama 0 au 1, asiyeweza kuupata msuli kabisa. Mjamzito hazimfai, wala mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo. Mwenye alama 3 anayelipia mashine ananunua kitu ambacho mwili wake unaweza kufanya bure.

Swali la kwanza limetoka kwa mama pale nyuma: "Somo alitufundisha kutumia shabu ili uke ubane. Si ni kitu kilekile?" Hapana, mama. Shabu inakausha na kukunyanza ngozi ya juu ya uke. Msuli uko chini yake, haujaguswa. Ngozi iliyokauka inachubuka, na penye mchubuko maambukizi yanapita kwa urahisi, UKIMWI ukiwemo. Somo anayetaka kumsaidia mwali amfundishe kubana na kuachia, na aanze na kuachia.

Swali la pili: "Mimi watoto wote wawili nilijifungua kwa upasuaji. Mbona navuja?" Kwa sababu mimba zote mbili ulizibeba. Upasuaji unaepusha kule kuvutwa kwa wakati wa kujifungua, na hatari inapungua, ila uzito wa miezi tisa, homoni zake, kikohozi na choo kigumu havikupita mbali nawe. Mazoezi ni yaleyale.

Mwenye damu kwenye mkojo, aliyeshindwa kukojoa kabisa, mwenye ganzi ghafla sehemu za siri na ndani ya mapaja, au mwenye homa na maumivu ya ubavu, asisubiri kliniki yetu. Aende hospitali leo.

Waliobaki, kwa muuguzi wa mapokezi kuna karatasi za daftari la kibofu. Jazeni kwa siku 3. Andika saa uliyokunywa na kiasi, saa uliyokojoa na kiasi, na kila ulipovuja ulikuwa unafanya nini. Kwa kupimia, chupa ya maji ya nusu lita iliyokatwa shingo inatosha; alama za 100, 200, 300 na 400 zichoreni kwa kutumia bomba la sindano la mililita 20, mara 5 kwa kila alama. Asiyejua kuandika achore vijiti, mtoto wa shule amsaidie upande wa saa. Mje na karatasi hiyo na kibofu kisichojaa sana, kwa sababu tutaanza na kipimo cha mkojo kabla ya kulala kitandani.